Kusamehe kodi ya majengo ili kuvutia wajenzi Mtwara-Mikindani: manispaa ina uwezo huo?

Mwana_Mikindani

Wakuu habari za kazi. Wakubwa shikamooni.

Umoja wetu wa wafanyabiashara unaandaa andiko la kupeleka Kamati ya Fedha na Uongozi ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Tunataka kuomba msamaha wa kodi ya majengo kwa miaka mitano kwa watu wa aina tatu: anayefufua jengo la zamani la mawe pale Mikindani, anayejenga ghala au kiwanda kidogo cha kubangua korosho upande wa Mangamba na Naliendele, na anayejenga nyumba ya biashara ya sakafu mbili au tatu mjini. Hoja yetu ni kwamba miji mingi ya Marekani inafanya hivyo na majengo yanaota.

Naomba wanaojua sheria za fedha za serikali za mitaa wanisaidie. Je, baraza la madiwani lina mamlaka ya kusamehe? Kama halina, ombi lielekezwe wapi ili lisirudishwe mlangoni? Na tuweke masharti gani ili msamaha usiishie kwa watu wasiojenga chochote?

---

Mweka_Hesabu_Ligula

Mkuu, mmegonga mlango usio na mtu ndani. Baraza halina mamlaka hayo. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge au kwa utaratibu uliowekwa na sheria hiyo. Kodi iliyowekwa na Bunge haiondolewi kwa azimio la madiwani. Kodi ya majengo viwango vyake vimo ndani ya Sura 289, sheria ya kodi hiyo, na mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa TRA. Kuanzia tarehe 20 Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani mtu anaponunua umeme. Manispaa haipangi hata viwango vyake, sasa itasamehe nini?

Halafu tazama hesabu yenyewe. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 nyumba ya kawaida ni shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi kwenye umeme. Ghorofa mjini ni 90,000 kwa kila sakafu, yaani 7,500 kwa mwezi. Kwa hiyo:

Ghala la kawaida, miaka mitano: 18,000 × 5 = 90,000.
Jengo la sakafu tatu, miaka mitano: 90,000 × 3 × 5 = 1,350,000.

Hakuna mtu atakayejenga ghala la milioni 200 kwa sababu kasamehewa 90,000. Hizo ni fedha za bati chache tu. Marekani kodi ya majengo inatozwa kwa asilimia ya thamani ya jengo, ndiyo maana kuiondoa kunasikika. Kwetu kiwango hakiangalii thamani, nyumba ndogo ya Magomeni na ghala kubwa la bandarini lisilo la ghorofa vyote 18,000. Kivutio mnachokitafuta hakipo kwenye kodi hii.

Kipo kwenye ushuru wa huduma. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, inaupa ushuru huu ukomo. Haikuweka kiwango kamili. Kwa miaka mingi ukomo huo uliandikwa asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kutoa VAT na ushuru wa bidhaa. Kabla hamjachapa andiko shikeni Sheria ya Fedha ya mwaka husika, maana namba za aina hii hurekebishwa kila Juni. Lakini muundo ni huo: Bunge limeweka dari, halmashauri inaweka kiwango chake chini ya dari hiyo kwa sheria ndogo. Halmashauri nyingi zimejiandikia dari lenyewe kwenye sheria ndogo zao, na hapo ndipo watu wakaamini kwamba haliwezi kushuka.

Fanya hesabu kwa mbanguaji mwenye mauzo ya bilioni 2 kwa mwaka. Kwa 0.3 analipa milioni 6. Kwa 0.1 analipa milioni 2. Tofauti ni milioni 4 kila mwaka, milioni 20 kwa miaka mitano. Hapo mtu anakaa kitako na kusikiliza. Na ni pesa ya manispaa yenyewe, inayoingia akaunti yake, kwa hiyo madiwani wana la kusema.

Tahadhari moja. Kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam na tawi Mtwara mara nyingi hulipa ushuru wote kule makao makuu, kwa mauzo ya nchi nzima. Mauzo ya tawi yanatakiwa kulipiwa kwenye halmashauri lilipo tawi. Mkipunguza kiwango bila kusafisha jambo hili, mnampunguzia mtu ambaye hata hicho cha zamani hajawahi kuwalipa.

---

Ramani_Kusini

Naunga mkono hapo juu. Naongeza upande wa ardhi, kwa sababu huko manispaa ina mkono mrefu kuliko kwenye kodi yoyote.

Kwanza tofautisheni kodi mbili ambazo watu huzichanganya. Kodi ya majengo ndiyo hiyo ya LUKU. Kodi ya pango la ardhi ni ya Wizara ya Ardhi, inatozwa kwa ukubwa wa kiwanja na matumizi yake, kila mwaka wa fedha. Nayo manispaa haiwezi kuisamehe. Misamaha ya riba ya malimbikizo imewahi kutolewa, lakini kitaifa, si kwa uamuzi wa mji mmoja.

Ambacho manispaa inaweza kufanya ni kupima na kuuza viwanja vya viwanda na maghala kwa bei inayokaribia gharama (fidia, upimaji, barabara za kuchonga) badala ya bei ya soko, na kuruhusu malipo kwa awamu. Kiwanja cha mita za mraba 4,000 kikishushwa shilingi 3,000 kwa kila mita, mnunuzi anapata nafuu ya milioni 12 siku ya kwanza, wakati bado hajauza hata kilo moja. Nafuu ya mwanzo ina nguvu kuliko nafuu ya mwaka wa nne, kwa kuwa mwaka wa kwanza ndio fedha zinapokauka.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Ukishampa mtu kiwanja cha bei nafuu na hati ikatoka, kukirudisha si kazi ya mkurugenzi. Masharti ya hati huwa yanataka ujenzi ndani ya miezi 36, lakini kubatilisha milki ni mamlaka ya Rais chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, na safari yake ni ndefu. Matokeo yake mnaijua picha: uzio, geti, na mikorosho inaendelea kuota ndani kwa miaka kumi. Kwa hiyo msitegemee hati. Tegemeeni mkataba wa mauzo kabla ya hati. Mnunuzi alipe asilimia 40 aingie, ajenge msingi, alipe 30 nyingine, afike kwenye linta, na bei ya nafuu ithibitishwe pale jengo linapopauliwa. Asipofika linta ndani ya miezi 18, mkataba useme wazi kwamba anadaiwa bei ya soko au anarudishiwa fedha zake na kiwanja kinaenda kwa mwingine. Hati iombwe baada ya hapo. Haya ni makubaliano ya kibiashara, mwanasheria wa manispaa ayaandae.

Kuhusu kubadili matumizi: ghala haliwezi kujengwa kwenye kiwanja cha makazi kwa sababu tu jirani hakulalamika. Mwombaji anatakiwa kutangaza, Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ijadili, halafu maombi yapande wizarani. Na matumizi yakibadilika kuwa ya biashara au viwanda, pango la ardhi linapanda. Wengi hushtukia hapo. Mangamba na Naliendele kuna sehemu zilizojengwa kabla ya kupimwa, kwa hiyo mtu apitie kwa afisa mipango miji kuona mchoro kabla hajatoa hata arubuni.

Sasa Mikindani. Hili lina uzito wake, na naomba mliandikie ukurasa wake peke yake, msilichanganye na maghala. Sheria ya Mambo ya Kale, Sura 333, inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 moja kwa moja, na mengine kwa tangazo la waziri. Boma la Wajerumani ni la 1895, na nyumba nyingi za mawe kwenye ile barabara ya pwani zina umri unaohitaji mtaalamu kuuthibitisha. Mwenye nyumba akianza kubomoa bila kibali cha idara inayohusika, msamaha wowote mliomtafutia unageuka kesi.

Gharama halisi ya kufufua nyumba zile inatoka kwenye vifaa. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti. Mafundi wengi wa leo wanazipiga plasta ya saruji. Saruji haipumui, unyevu na chumvi vinabaki ndani ya ukuta, na baada ya masika machache plasta inavimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Chokaa inatakiwa izimwe kwa maji na kukaa kwenye shimo wiki kadhaa kabla ya kutumika, na tabaka lipigwe jembamba, likauke polepole chini ya magunia yenye maji. Hiyo ni siku nyingi za fundi. Kivutio cha maana kwa mwenye nyumba ya Mikindani ni kufutiwa ada ya kibali cha ujenzi cha manispaa, kupewa mchoro na mhandisi wa manispaa bila malipo, na tanuri moja la chokaa la pamoja. Akikosa hayo, 18,000 ya LUKU haimsaidii kitu, na nyumba itaanguka huku ikiwa imesamehewa kodi.

---

Ghala_la_Korosho

Nachangia upande wa korosho tu.

Kinachoua kiwanda kidogo cha kubangua Mtwara na Lindi ni mtaji wa kununua mzigo. Msimu unafunguka Oktoba, na minada mikubwa inamalizika kabla mwaka mpya haujakomaa. Mbanguaji anayetaka kufanya kazi miezi 12 lazima anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi mitatu au minne, tena mnadani, akishindana na wanunuzi wa nje wenye dola. Kilo moja ya korosho karanga (iliyokwisha kubanguliwa) inahitaji takribani kilo nne hadi nne na nusu za korosho ghafi. Tani 500 za ghafi kwa bei ya mfano ya shilingi 2,500 ni bilioni 1.25, fedha taslimu, zikalale ghalani. Unyevu ukiwa juu ya asilimia 10 zinaota ukungu na bilioni yako inapungua ubora ukiiangalia.

Ushuru wa mazao wa asilimia 3 kwenye mzigo huo ni milioni 37.5. Manispaa haiwezi kuupunguza, kwa sababu unakwenda kwenye halmashauri mazao yalikotoka: Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyamba. Msiuweke kwenye andiko la Manispaa ya Mtwara.

Kinga kubwa ya mbanguaji iko kitaifa. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ni asilimia 15 ya thamani bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi kati ya hivyo viwili. Huo ndio unaomfanya wa ndani apumue. Mwenye kiwanda kinachouza nje asilimia 80 ya bidhaa aende TISEZA, mamlaka ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi iliyounganisha TIC na EPZA mwaka 2025, aulize vigezo vya sasa. Sheria ya EPZ (maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje) ya 2002 ilikuwa na kipengele cha kuondolewa kodi na tozo za serikali za mitaa kwa miaka 10, na huo ndio msamaha wa kisheria ulio karibu kabisa na mnaouomba nyie.

Mkitaka manispaa imsaidie mbanguaji mdogo: ghala la pamoja lenye sakafu ya zege iliyonyanyuliwa, paleti na mizani iliyohakikiwa, kwa pango la chini miezi sita ya kwanza. Na laini ya umeme wa njia tatu ifike kabla ya viwanja kuuzwa.

Mkumbuke pia historia. Serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua kuanzia miaka ya 1970, vingi vikiwa huku kusini, kwa mikopo. Vilipobinafsishwa, vingi havikubangua, viligeuzwa maghala ya korosho ghafi inayosubiri meli. Wanunuzi walipata majengo kwa bei ya chini, na masharti ya kubangua hayakuwa na meno. Mkiandika kivutio kingine bila kipimo cha tani zilizobanguliwa, mtarudi palepale.

---

Mtanda_Lindi

Samahani kuingilia, niko Lindi. Na sisi wenye vibanda sokoni tunahesabiwa wapi? Tena nyumba yenye mita nne za LUKU inakatwa mara nne, hiyo si kodi ya majengo mara nne?

---

Mweka_Hesabu_Ligula

@Mtanda_Lindi, la mita kwanza. Nyumba moja ya kawaida inadaiwa kodi moja hata ikiwa na mita nne. Mwenye nyumba aulize TRA au halmashauri yake ni ofisi ipi inashughulikia hilo sasa, aende akiwa na namba zote za mita, kitambulisho cha NIDA na uthibitisho wa umiliki, aombe makato yabaki kwenye mita moja. Asipokwenda yataendelea. Mita isiyonunuliwa umeme miezi sita haijasamehewa, deni linakaa na litakatwa lote siku ya kununua. Mpangaji anayekatwa atunze risiti akubaliane na mwenye nyumba, kwa kuwa mdaiwa kisheria ni mwenye nyumba. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na kipato, au mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, aombe msamaha wa nyumba anayoishi hukohuko. Misikiti na makanisa nayo yamo kwenye msamaha, ila sehemu ya ibada tu. Fremu za maduka zilizozunguka ukuta zinalipa.

Vibanda vya soko: hicho si kodi, ni pango la mali ya halmashauri, kwa hiyo ndipo halmashauri ina uhuru kuliko pote. Kumpa mpangaji mpya miezi mitatu ya nafuu, au kukubali atie zege na kuweka shata halafu gharama ikatwe kwenye pango, ni suala la mkataba na idhini ya vikao. Sharti gharama hiyo ikadiriwe na mhandisi kabla ya kazi kuanza. Ikikadiriwa baada ya kazi, kila mtu anakuja na risiti ya saruji mara mbili ya iliyotumika.

---

Mwana_Mikindani

Asanteni sana wakuu, mmetufungua. Basi tunaacha kodi ya majengo, tunashika ushuru wa huduma, bei ya viwanja na ada ya vibali kwa Mikindani. Swali la mwisho: sheria ndogo inapita njia gani, na maneno yake yaweje? Na huo mfano wa Marekani tuuache kabisa?

---

Mweka_Hesabu_Ligula

Njia iko hivi. Andiko lenu linaingia kwa mkurugenzi, anawapa mweka hazina na mwanasheria walipitie, linajadiliwa na timu ya menejimenti, kisha Kamati ya Fedha na Uongozi. Rasimu ya marekebisho ya sheria ndogo inabandikwa kwenye mbao za matangazo za kata na mitaa ili wananchi watoe maoni au pingamizi. Hatua hii ikirukwa, rasimu inarudishwa kutoka juu. Baraza linapitisha, inapita mkoani, inakwenda TAMISEMI kwa idhini ya waziri, na inaanza kutumika ikishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya tangazo hilo, mkurugenzi akimpunguzia mtu hata shilingi moja mkaguzi atamwandikia hoja.

Muda ndio unaowaangusha wengi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na makadirio ya halmashauri yanapikwa kuanzia Novemba. Mkipeleka andiko Machi, mapato ya ushuru wa huduma yameshaandikwa kwenye bajeti kwa kiwango cha zamani na hakuna diwani atakayekubali kutoboa bajeti aliyoipitisha. Pelekeni Septemba au Oktoba, mkiwa na jedwali la mapato yatakayopungua kila mwaka. Lisemeni pengo lenyewe msilifiche. Kumbukeni kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ndiyo inayokwenda kwenye mikopo isiyo na riba: wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Mkipunguza milioni 40 kwenye ushuru wa huduma, milioni 4 zinatoka kwenye vikundi hivyo, na maafisa maendeleo ya jamii watauliza. Mje na jibu.

Maneno: msitaje kampuni. Tajeni shughuli, mahali na kipimo. Kwa mfano, "kiwanda kipya cha kubangua korosho ndani ya eneo lililopangwa kwa viwanda, kilichobangua si chini ya tani 200 za korosho ghafi ndani ya mwaka husika, kitalipa ushuru wa huduma kwa kiwango cha asilimia 0.1 kwa miaka mitano tangu tarehe ya leseni ya kwanza ya biashara". Neno "kipya" lipewe tafsiri, la sivyo kiwanda cha zamani kitafungwa Ijumaa na kufunguliwa Jumatatu kwa jina jingine lililosajiliwa BRELA. Wekeni kwamba mitambo au majengo yaliyotumika na mlipaji mwingine hapo kabla hayahesabiki kuwa mapya. Nafuu itolewe kwa kudai kila mwaka: mlipaji analipa kiwango kamili, analeta hesabu na hati za ghala zinazoonyesha tani alizobangua, tofauti inawekwa kama malipo ya mwaka unaofuata. Hapo asiyebangua hapati kitu na hamhitaji kumfukuza mtu mahakamani kudai mlichokwisha kusamehe.

Mfano wa Marekani msiuache, utumieni sawasawa. Philadelphia kuanzia mwaka 2000 iliondoa kodi ya jengo jipya kwa miaka 10, mwenye nyumba akilipia ardhi tu. Majengo yaliota kweli, lakini malalamiko kuhusu fedha za shule yakawa makubwa, kwani shule kule hutegemea sana kodi hiyohiyo. Tangu 2022 nyumba mpya za makazi zinapata msamaha kamili mwaka wa kwanza tu, kisha unashuka kwa asilimia 10 kila mwaka. California ilianza mwaka 1952 kutenga ongezeko la kodi ya majengo ili lijenge upya mitaa iliyochakaa, na hadi 2011 kulikuwa na mamlaka karibu 400 za kujenga upya mitaa zilizokuwa zikichukua takribani asilimia 12 ya kodi yote ya majengo ya jimbo. Zilifutwa Februari 2012. Madiwani wakisoma kwamba mmejifunza na yaliyokwenda kombo, watawaamini zaidi.

---

Ramani_Kusini

Naongeza dogo kwenye hilo la kushuka kila mwaka, mlitumie pia kwenye ada za Mikindani: mwaka wa kwanza wa mpango ada ya kibali isamehewe yote, wa pili nusu, wa tatu robo. Wenye nyumba ndugu kumi na wawili waliorithi pamoja ndio wanaochelewa kuliko wote, hivyo andikeni kwamba maombi yakiingia mwaka wa kwanza yanashika nafuu ya mwaka huo hata mirathi ikikamilika baadaye. Ombi liambatishwe na muhtasari wa kikao cha familia, barua ya mtendaji wa mtaa na picha nne za jengo, moja kila upande, zilizopigwa kabla ya fundi kugusa ukuta.